Namba Iliingia Kwangu, Mgonjwa Yuko Marani

Simu ililia mwendo wa saa nne asubuhi nikiwa ndani ya matatu, Outering, jam imekaza. Namba sikuijua. Nikashika. Upande wa pili kulikuwa na mwanamke anayeongea haraka, na nyuma yake kelele za watu wengi.

"Kuna namba imeingia kwa simu yako sasa hivi. Nisomee."

Nilitazama skrini. Kweli, meseji ilikuwa imeingia. Namba ya siri ya kutumia hospitalini kwa bima ya SHA. Mimi sikuwa hospitalini. Sikuwa mgonjwa. Nikajua ni wale jamaa tunaowaita "wa Kamiti" wamepata ujanja mpya.

Wewe ungefanya nini? Mimi nilikata simu na nikaifungia ile namba isinipigie tena. Dakika kumi baadaye ikapiga namba nyingine, sikushika. Nilijiona mjanja. Si tumefundishwa miaka yote hii? Usimsomee mtu namba iliyoingia kwa simu yako. Benki inasema hivyo, M-Pesa inasema hivyo, hata redioni wanasema hivyo.

Saa kumi jioni shangazi yangu alipiga kutoka Mombasa. Hakunisalimia. Aliuliza tu: "Kwa nini unakataa kusaidia mama?"

Mama anayemsema ni shosho yangu, sisi humwita magokoro. Anaishi Marani, kaunti ya Kisii, peke yake na mjukuu mmoja wa darasa la sita. Asubuhi hiyo alikuwa ameamka akipumua kwa shida. Jirani yake, mama mmoja mwenye roho nzuri sana, alimpandisha bodaboda akakaa nyuma yake kumshikilia, wakaenda hospitali moja ya upande huo. Yule ndiye "tapeli" niliyemfungia simu.

Jinsi namba yangu ilivyofika huko

Kosa lilianza Oktoba 2024. Mnakumbuka ule msukumo. NHIF, ambayo ilikuwepo tangu 1966, ilikuwa imefika mwisho, na tarehe 1 Oktoba SHA ikachukua nafasi yake. Kila mtu aliambiwa ajisajili upya. Magokoro alinipigia akauliza kama ile kadi yake bado inafanya kazi. Nikamwambia hapana, tulia, nitakufanyia.

Nilimfanyia nikiwa kitandani kwangu Pipeline. Nikabonyeza *147#, nikaweka namba ya kitambulisho chake, ambayo nilikuwa nayo kwa picha kwenye WhatsApp. Ilipofika mahali pa namba ya simu nikaweka yangu. Yake ni kabambe ambayo hushinda imezimwa ili chaji isiishe, na meseji hawezi kusoma bila miwani. Nilifikiria nafanya la maana.

Kisha yakaja yale maswali ya kupima uwezo wa mtu. Nyumba ni ya nini, paa ni la nini, choo ni cha aina gani, una mifugo? Nilijibu yote kwa niaba yake nikiwa umbali wa kilomita zaidi ya 300. Sistimu ikasema Sh300 kwa mwezi, ambayo ndiyo ya chini kabisa, na kwa sababu hana mshahara, alipe mwaka mzima mara moja. Sh3,600. Nikalipa kwa M-Pesa baada ya kupata kazi fulani ya kuandika. Nikajipiga picha ya risiti nikatuma kwa grupu ya familia. Watu wakaweka vidole gumba juu.

Kwa hivyo magokoro alikuwa amesajiliwa, amelipiwa, amemaliza. Kitu kimoja tu ndicho kilichobaki Nairobi: ufunguo. Na mwenye ufunguo alikuwa ndani ya matatu akijisifu kwa ujanja.

Wacha niwe mkweli, hospitali haikumfukuza. Alionwa, akawekewa oksijeni, daktari akasema ni nimonia na alazwe. Lakini bila ile namba hawakuweza kuthibitisha bima yake, kwa hivyo akaandikwa kama mtu wa kulipa pesa taslimu. Muuguzi alifanya kazi yake. Jirani alifanya zaidi ya kazi yake: alirudi mpaka sokoni, akatoa pesa ya chama ambayo ilikuwa zamu yake kupokea, akarudi akalipa. Sh8,400 siku ya kwanza, pamoja na dawa zilizonunuliwa kemisti ya nje. Pesa hiyo ilikuwa ya karo.

Kadi imekuwa simu

Wiki mbili baadaye nilipanda gari la usiku nikashuka Kisii asubuhi, nikaingia Probox ya Marani. Tulikuwa tisa, mimi nikiwa nimekalia nusu ya kiti cha mbele na gia katikati ya magoti. Barabara inapanda na kushuka kwenye vilima, migomba na majani chai huku na huku, baridi ya asubuhi bado iko.

Nilimkuta magokoro ameketi kwenye jua mlangoni. Alikuwa amepungua. "Bwakire, omochokoro," akasema, kama kawaida, kana kwamba hakuna kilichotokea. Kisha akaingia ndani akatoka na kitambaa kilichofungwa fundo. Ndani yake: kitambulisho, kijikaratasi cha kliniki ya presha, na kadi ya NHIF ambayo plastiki yake imeanza kuachana kwenye kona.

"Hii ilikuwa inajua mimi ni nani," akaniambia. "Naitoa, wananiangalia, wananiandika. Sasa wanasema niko kwa simu. Simu ya nani?"

Nilikosa jibu. Hilo swali lake ndilo limenifanya niandike haya.

Kadi ya zamani ilikuwa na shida zake nyingi. Iliweza kuibwa, kuazimwa, kusahaulika nyumbani, na NHIF yenyewe ilizongwa na kashfa za madai hewa mpaka watu wakaichoka. Lakini ilikuwa na jambo moja zuri: ilikaa na mgonjwa. Mpango wa sasa hauna kadi ya plastiki. Rekodi yako iko kwenye mtandao, unatambuliwa kwa namba ya kitambulisho, na kwa muda mrefu tangu SHA ianze uthibitisho umekuwa ile namba ya siri, OTP, inayoingia kwa simu iliyosajiliwa. Anayeshika simu ndiye anayeshika matibabu.

Sio kila nchi imetupa kadi. Ujerumani, mwenye bima ya umma ana kadi yenye picha na chipu, na tangu Januari 2015 hiyo ndiyo inayokubalika kwa daktari. Hata hapa Kenya tulianza mapema kuweka pesa za matibabu kwenye simu: M-Tiba ilikuja 2016, ukaweza kutenga hela ya hospitali peke yake isichanganyike na ya sukari na stima. Simu si adui. Shida huanza pale tunapodhani kila mtu ana simu yake, laini yake, chaji yake na macho yake.

Saiba ya sokoni

Nilizunguka soko la Marani siku ile. Kwenye saiba moja, kijana wa rika langu anayefanya kazi hapo aliniambia kuwa mwishoni mwa 2024 walisajili watu mpaka usiku. Foleni ilifika nje. Wengi walikuwa wazee, na wengi hawakuwa na simu, au walikuwa nayo lakini hawaijui namba yao kwa kichwa.

"Ulikuwa unaweka namba gani?" nikamuuliza.

Alicheka kidogo halafu akaacha. "Ya mtoto wake kama anaijua. Kama haijui..." Akaonyesha simu yake mezani.

Hakufanya kwa ubaya. Fomu haiendi mbele bila namba, na mzee ametembea kutoka Kegogi au Sensi, utamrudisha? Lakini leo kuna watu ambao matibabu yao yanategemea kama huyu kijana ameamka, simu yake ina chaji na hajabadilisha laini. Aliniambia hupigiwa hata akiwa kanisani. Siku moja alipigiwa akiwa Kisumu kwa harusi, akasoma namba kwa sauti katikati ya muziki, mara tatu.

Dereva mmoja wa bodaboda aliyekuwa akisikiliza akaongeza yake. Mke wake alimsajili akitumia laini yake ya zamani. Laini ikapotea na simu, hawakuirudisha kwa sababu ilisajiliwa kwa kitambulisho cha kakake. "Niko ndani ya SHA," akasema, "lakini mlango umefungwa na ufunguo ulianguka kwa mto."

Halafu kuna wale ambao hata mlangoni hawajafika. Msichana wa miaka 19 anayeuza ndizi karibu na steji aliniambia ana mimba ya miezi mitano na hana ID. Bila ID hajisajili. Zamani kulikuwa na Linda Mama, ambapo mjamzito alikuwa na mpango wake mwenyewe. Sasa uzazi umeingizwa ndani ya SHA, chini ya jina Linda Jamii, na inabidi uwe umejisajili na kulipa. Aliwahi kwenda kuomba ID, akaambiwa alete nakala ya kitambulisho cha mzazi. Baba hajulikani aliko, mama alifariki. Mpaka leo hajarudi.

Nikamwelekeza kwa chifu msaidizi na kwa mhudumu wa afya wa kijiji. Hao wahudumu, wale CHP, ndio watu niliowaheshimu zaidi safari hii. Serikali ilizindua zaidi ya 100,000 kote nchini Septemba 2023, wakapewa simu na mkoba wenye mashine ya presha na ya sukari, na marupurupu yaliyoahidiwa ni Sh5,000 kwa mwezi, nusu kutoka serikali kuu na nusu kutoka kaunti. Yule wa kijiji cha magokoro anajua nyumba kwa nyumba nani ana dawa, nani amelala, nani namba yake ya SHA iko kwa mtoto Nairobi. Aliniangalia aliposema hilo la mwisho.

Vidole vilivyoliwa na jembe

Mwaka 2025 Wizara ya Afya ikasema OTP iondoke na nafasi yake ichukuliwe na alama za vidole. Sababu ina uzito. Waziri Aden Duale alisimamisha makumi ya vituo vya afya kwa tuhuma za kudai pesa za wagonjwa hewa, au mtu aliyetibiwa akaenda nyumbani kuandikwa kwamba alilazwa. Ukimpa mtu ile namba bila kujua anaitumia kwa nini, umetia sahihi kwenye karatasi ambayo hujaisoma. Kidole hakiwezi kutumwa kwa meseji. Mgonjwa lazima awepo.

Kwa magokoro hiyo ni habari njema nusu. Simu yangu haitahitajika tena, asante Mungu. Lakini angalia vidole vyake. Amechuma majani chai na kushika jembe zaidi ya miaka 50. Kwenye uchaguzi, kifaa cha IEBC kilikataa kidole gumba, kikakataa cha shahada, mpaka karani akamtafuta kwa namba ya kitambulisho. Alipiga kura. Kulikuwa na njia ya pili, na njia ya pili ndiyo iliyomwokoa.

Hilo ndilo ningeomba. Mashine zije, kamera zije, lakini pawe na njia ya pili iliyoandikwa na inayojulikana na kila muuguzi wa zamu ya usiku: kidole kikikataa, tufanye hivi, stima ikipotea, tufanye hivi, mtandao ukilala, mgonjwa aandikwe kwenye kitabu na bima ithibitishwe kesho. Nimonia haingojei sistimu iamke.

Pia tuulize maswali makubwa zaidi. Ripoti ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu iliyotoka 2025 ilisema mfumo huu wa kidijitali, wa Sh104.8 bilioni, umiliki wake hauko mikononi mwa serikali bali kwa muungano wa kampuni zilizoujenga, Safaricom ikiwa mojawapo. Zaidi ya Wakenya milioni 20 wamejisajili humo. Presha ya magokoro iko humo. Tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, na inatambua habari za afya kuwa nyeti. Basi kijana unayejua kusoma vigezo na masharti, hii si story ya wazee peke yao. Wewe ndiye utakayekuwa humo miaka 60 ijayo.

Kabla hujafunga ukurasa huu

Najua wengi wenu mlifanya kama mimi. Mlisajili mzazi au shosho haraka haraka, mkaweka namba yenu, mkaendelea na maisha. Kwa hivyo fanya haya wikendi hii, si mwezi ujao.

Piga simu nyumbani uulize: SHA ya mama iko kwa namba ya nani? Kama hakuna anayejua, hapo ndipo pa kuanzia.

Kama namba ni yako na mgonjwa yuko kijijini, ibadilishwe. Mimi nilimpeleka magokoro Huduma Centre ya Kisii na kitambulisho chake na laini yake. Tulikaa foleni karibu asubuhi yote, lakini tulitoka namba yake ikiwa kwake. Kama ni lazima ibaki kwako, basi hifadhi namba za jirani, CHP na yule wa bodaboda kwenye simu yako, kwa majina, ili usimfungie mtu anayeokoa shosho yako.

Kubalianeni neno moja la familia. Sisi letu ni jina la ng'ombe aliyekufa zamani. Anayepiga akilitaja, nasoma namba. Asipolitaja, nakata na kumpigia jirani kuuliza kama kuna mgonjwa.

Ukisomewa au ukisoma namba, uliza ni ya huduma gani. Kama uliumwa kichwa ukapewa dawa ukaenda, usikubali iandikwe umelazwa.

Kujisajili ni bure, na kwenye zahanati na vituo vya afya vya chini, huduma za msingi ni bure kwa aliyejisajili hata kama hajalipa. Kulazwa hospitalini ndiko kunakohitaji uwe umelipa. Kama Sh3,600 kwa mpigo ni mlima, kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole unaokuwezesha kukopeshwa ile ya mwaka ulipe kidogo kidogo. Lakini ni mkopo, uhesabu vizuri kabla hujabonyeza.

Na kama umefika miaka 18 na huna ID, wewe ndiye uko nje ya mlango kabisa. Amka uende.

Deni

Ile Sh8,400 nimemrudishia jirani kwa awamu tatu. Mara ya kwanza nilipoenda kwake na bahasha alinikaribisha chai na ndizi za kuchemsha, akakataa kuhesabu pesa mbele yangu. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Mimi pia ningekata. Hata mimi huambiwa nisisomee mtu namba." Kisha akanyamaza kidogo. "Lakini ile ya pili ungeshika."

Hapo sina la kujitetea. Simu ya pili ilikuwa ya yule mwenye bodaboda. Wangeweza kuwa matapeli. Wangeweza pia kuwa watu wa kwetu. Nilichohitaji ni dakika moja ya kuuliza, "Unaniita nikiwa mtoto wa nani?" Tapeli hawezi kujibu hilo Marani. Jirani angelijibu mpaka babu wa tatu.

Nilipokuwa nikiondoka magokoro alikuwa anafunga tena kile kitambaa chake. Nikamwambia ile kadi ya NHIF anaweza kuitupa, haina kazi. Akaitazama picha yake, alivyokuwa na nywele nyeusi, akairudisha ndani pamoja na kile kitambulisho. Juu yake akaweka karatasi niliyomwandikia kwa herufi kubwa: namba yake mpya, ya CHP, ya jirani.

Yangu niliiandika mwisho. Akaniuliza kama siku hizi nashika simu.